Sifa za Chapati ya Maji

Mgeni akitarajiwa, nyumba nyingi za kwetu husukuma chapati. Unga hukandwa, hufunikwa, hukatwa matonge, husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa na kusukumwa tena, na mgeni akifika anaona kweli amefanyiwa kazi. Chapati ya maji ni ya asubuhi isiyo na mgeni, wakati mtoto anatafuta soksi na chai inakaribia kufurika. Ndiyo maana wengi huihesabu kuwa chapati ya mtu asiyetaka kuchoka.

Mimi naona hesabu hiyo ina kasoro. Ukiikosea chapati ya kusukuma, unaikunja na kuanza upya. Tonge lako linakusubiri. Rojo likishamiminwa kwenye chuma cha moto halikusubiri. Una pumzi mbili tatu za kuamua kama itakuwa duara jembamba au ramani ya nchi isiyojulikana.

Kazi huanzia kwenye bakuli. Unga wa ngano, chumvi kidogo, yai kama lipo, sukari kwa wanaoipenda tamu, na iliki iliyotwangwa papo hapo. Wanaotaka ya chumvi hukatia kitunguu, hoho na majani ya giligilani, nayo ni nzuri, ila vipande viwe vidogo sana, la sivyo vinairarua wakati wa kugeuza. Pwani wengi hutumia tui badala ya maji matupu, tena tui la pili. Kasimile, yaani tui la kwanza, ni nzito mno kwa kazi hii, bora ibaki kwa samaki. Mpishi anayejua hamwagi maji yote kwa mkupuo. Huanza na kidogo, akakoroga mpaka apate rojo zito, laini, ndipo alilegeze polepole. Madonge huvunjika kwa kusuguliwa, na ndani ya rojo jepesi hayapati cha kuyasugua, yanaelea tu yakikukwepa. Kisha bakuli hufunikwa kwa robo saa au zaidi, unga unywe maji na ule mnato ulioamshwa na kukoroga ulegee. Asiyekuwa na subira hiyo atakula chapati ya kuvutana nayo kwa meno.

Na kipimo? Wanaoipika kila siku hawashiki kikombe. Huinua upawa na kutazama rojo linavyoshuka. Likidondoka kwa vipande, bado maji. Likianguka kwa kishindo na kutawanya matone, yamezidi. Linatakiwa lishuke kwa uzi usiokatika, uzi huo uache mstari juu ya bakuli, na mstari ufutike kabla hujauhesabia tatu. Elimu yote ya rojo imo humo, na haiandikiki vizuri kwenye kitabu cha mapishi, kwa sababu unga wa leo haunywi maji sawa na wa jana.

Chuma nacho kina tabia zake. Kikiwa cha moto kupita kiasi, rojo huganda pale pale lilipoangukia, ukapata chapati yenye kitovu kinene na kingo zilizochanika. Kikiwa baridi, chapati hunyonya mafuta na kutoka imepauka kama iliyokuwa na homa. Ya kwanza huharibika hata kwa mabingwa, maana joto halijatulia na mafuta hayajaenea. Warusi wana methali kwamba blini ya kwanza hutoka donge. Kwetu chapati hiyo haina methali, ina mwenyewe: mtoto aliyesimama karibu na jiko.

Kuanzia ya pili ndipo unapouona ufundi. Mkono mmoja unamimina, mwingine tayari umekiinamisha kikaango. Rojo linakimbilia upande mmoja, linagusa ukingo, kifundo cha mkono kinalizungusha, huku kikaango kikirudi kulala polepole mpaka kila pengo limezibika. Mwaka 2019 watafiti wawili, Edouard Boujo na Mathieu Sellier, walichapisha katika jarida la Physical Review Fluids hesabu za kutafuta namna bora ya kuchezesha kikaango ili rojo litandae kwa unene ulio sawa. Jibu lao ni hilo hilo: inamisha mapema rojo lifike ukingoni, zungusha, kisha punguza mwinamo taratibu hadi liive. Hesabu hizo zina faida pia katika kutandaza tabaka nyembamba za vimiminika viwandani, na siwabezi hata kidogo. Nimefurahi tu kuona kompyuta imefika mahali ambapo mama wa Tanga au Lamu hufika kila alfajiri huku akimjibu mtu aliye sebuleni.

Lakini si kila chuma kinainamishwa. Huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, hupikia kwenye billig, sahani nzito ya chuma iliyokaa palepale jikoni. Kwa kuwa chenyewe hakisogei, kinachosogea ni kijiti cha mbao chenye umbo la herufi T, kinachozungushwa juu ya rojo kwa mguso mwepesi mno. Ukikibonyeza, kinalikokota rojo lote. Galette, chapati zao nyembamba za chumvi, hutengenezwa kwa nafaka wanayoiita ngano nyeusi, ingawa si ngano, ni mbegu ya mmea wa jamii nyingine kabisa. Haina mnato wa ngano, kwa hiyo rojo lake ni rahisi kuchanika, na hapo mkono mzito huumbuka. Mmea huo ulikubali udongo dhaifu wa Bretagne uliokataliwa na ngano, ukalisha maskini kwa karne nyingi. Leo chakula hicho cha maskini kina migahawa yake mjini Paris, na mingi imejipanga karibu na stesheni ya Montparnasse, ambako treni za kutoka Bretagne huishia. Hakuna anayekiita cha wavivu.

Jirani zetu wa kaskazini wana mkono mwingine. Msomali akipika canjeero humimina rojo lililochachuka katikati ya chuma, kisha kwa kitako cha upawa hulizungusha kwenda nje, na njia ya upawa hubaki imechorwa juu yake. Mwethiopia akipika injera huanzia ukingoni na kuzunguka kuingia ndani, rojo la tefu likishuka kwa mkondo mmoja. Zote mbili hazigeuzwi. Hufunikwa, mvuke ukaivisha upande wa juu, na hewa ya uchachu ikitoka huacha vitundu vitakavyokunywa mchuzi, au samli na sukari kama unavyoipata canjeero ya asubuhi pale Eastleigh, Nairobi. Anayedhani hayo ni ya wageni aende kwenye futari ya pwani akatazame vibibi: mchele ulioloweshwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira na iliki, ukamiminwa na kufunikwa bila kugeuzwa. Kwa hiyo jiko la Mswahili lina mikono yote miwili, wa kugeuza na wa kufunika, na sijui kwa nini hatujivunii hilo jinsi tunavyojivunia pilau.

Kugeuza nako kuna saa yake. Uso ukiacha kung'aa na kingo zikianza kujinyanyua zenyewe, pitisha ncha ya mwiko chini yake kwa mzunguko mmoja. Ikiteleza kwenye kikaango, geuza. Ikigoma, iache, haijaiva. Upande wa pili hauhitaji hata nusu ya muda wa kwanza, na wengi hukosea hapa, wakaikausha ikawa karatasi.

Tatizo la chakula hiki ni moja tu, nalo si la ladha. Huiva moja moja, na hunoga mara tu inapotoka. Wanaokula wamekaa, anayepika amesimama, na mara nyingi humalizia na ile ya mwisho iliyopikwa kwa makombo ya rojo, chai yake ikiwa imepoa. Basi ukiandaliwa chapati za maji, usingoje sahani ijae. Kula zako mbili zikiwa za moto, unawe mikono, kisha uingie jikoni uupokee upawa ili mwenzako naye akae ale. Zako zitachanika. Zile nazo, hazina neno kwa maharage.