Msalaba wa Shaba katika Jumba la Makumbusho

Mgeni akifika Lubumbashi huonyeshwa kanisa kuu, bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Ni wachache wanaomwambia: Nenda pia jumba la makumbusho. Nalo lilianzishwa mwaka 1946, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Humo vimewekwa vitu vya wazee wetu, na vingine vilivyofukuliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958.

Tulikwenda na watoto wa katekisimu. Mmoja alipoiona misalaba ya shaba alipaza sauti: "Kumbe, babu zetu walikuwa Wakristo!" Mwenzangu alitaka kumwacha aamini hivyo, maana ni neno tamu. Mimi sikukubali. Misalaba hiyo iliyeyushwa karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Katanga. Umbo lake ni kama herufi X. Ilikuwa mali: wafu walizikwa nayo, na baadaye ikawa fedha. Imani yetu haihitaji kuegemezwa kwa uongo.

Basi, jumba hili nalisifu, kwa kuwa limetunza. Lakini lina kasoro ya majumba yote ya namna hii: kitu kinaonekana, kazi haionekani. Msalaba umelala kimya, na jina la aliyeufanya halikuandikwa na mtu. Monsinyori de Hemptinne aliandika mwaka 1926 habari za "walaji wa shaba". Wakati wa kiangazi watu hao walichimba mawe ya kijani, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto ya ngozi. Hayo yote mtoto hayaoni. Atarudi nyumbani akidhani kwamba shaba ya Katanga ilianza na Union Minière mwaka 1906, na kwamba watu wake hawakujua ila kubeba mizigo. Hiyo ndiyo hasara kubwa.

Kwa hiyo, wazazi, msiwapeleke watoto peke yao. Nendeni pamoja na mzee anayejua kusimulia. Na mbele ya kila kitu waulizeni watoto: Nani alikifanya, na kwa mikono gani?