Adabu ya Kioo cha Pili

Siku hizi, tamthilia ikiwa imekolea, kona ya runinga huota mraba wa madoadoa meusi unaomtaka mtazamaji ainue simu. Akiinua, anapelekwa dukani. Mama anayelia katika tamthilia huachwa peke yake na msiba wake, na mtazamaji akirudi hajui tena analilia nini. Tumeuzoea mwaliko huu kiasi kwamba tumesahau kuwa uliwahi kuwapo ufundi wa kumpa mtazamaji kazi ya mikono bila kumtoa kwenye hadithi.

Oktoba 1953, Jumamosi asubuhi, shirika la CBS la Marekani lilianza kurusha kipindi cha watoto kilichoitwa Winky Dink and You. Mtangazaji alikuwa Jack Barry, na Winky Dink mwenyewe ni kijana wa katuni mwenye nywele zenye umbo la nyota. Kwa senti 50, mtoto aliagiza kwa posta karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, pamoja na kalamu za nta. Karatasi ile aliisugua kwa kitambaa hadi ikanata kwenye kioo cha runinga, kisha akakaa kungoja. Winky Dink alipokimbizwa na kufika ukingoni mahali pasipo na daraja, mtoto ndiye aliyeombwa amchoree. Naye akavuka juu ya mstari uliochorwa na mkono wa mtoto.

Nimelitafakari sana daraja hilo. Katuni ilikuwa imekwisha kuchorwa. Winky Dink angevuka hata kama hakuna aliyegusa kalamu, ila angeonekana anatembea hewani. Kwa hiyo waliobuni kipindi hawakumhitaji mtoto ili hadithi isonge. Walimhitaji ili hadithi iwe yake, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Nukta za kuunganisha ziliwekwa kwenye picha yenyewe, hivyo runinga iwe kubwa au ndogo, mstari uliangukia mahali pake. Ujumbe wa siri nao uligawanywa: mwanzoni mtoto alinakili baadhi ya mistari ya herufi, isiyosomeka, na mistari iliyobaki ikaja baadaye. Aliyetaka kuusoma alipaswa kubaki. Wapo watoto waliokosa plastiki wakachora juu ya kioo chenyewe, na wazazi wakakasirika. Mimi katika hasira ile nauona ushahidi kwamba kazi ilikuwa imefanywa sawasawa.

Kipindi kilikoma mwaka 1957. Ilipita miaka mingi kabla ya mikono ya mtazamaji kupata tena kazi ya maana. Simu na vishikwambi vilipofika sebuleni, wapo mafundi waliouelewa wajibu wao. Mwaka 2010 Channel 4 ya Uingereza ilirusha mubashara The Million Pound Drop, ambapo washindani walipewa pauni milioni moja taslimu wazigawe juu ya milango ya mtego, kila mlango na jibu lake. Aliyekuwa nyumbani aligawa fedha zake za kufikirika kupitia tovuti, kwa swali lilelile, dakika ileile. Hakujifunza sheria mpya wala kusoma maelezo marefu. Hofu ya studio ilikuwa hofu yake.

Mwaka uliofuata ABC ya Marekani ilitoa programu ya iPad ya kuandamana na Grey's Anatomy. Ndani ya sauti ya kipindi ilifichwa alama ambayo sikio la mtu haliisikii, lakini maikrofoni ya kifaa huinasa. Kwa alama hiyo programu ilijua tukio gani liko hewani. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika, kwani matangazo hayafiki kila nyumba kwa wakati mmoja: setilaiti huchelewa, intaneti huchelewa zaidi. Programu isiyosikiliza itafichua siri kabla mtazamaji hajaiona.

Kusikiliza ndiyo nusu ya ufundi huu. Nusu ya pili ni kunyamaza. Mtambaji wa ngano akisema "paukwa" hungoja "pakawa", kisha huingia kwenye hadithi na hadhira ikatulia. Haiulizi hadhira swali jitu linapofungua mlango. Mbunifu mwema wa programu mwenza hulijua jitu la kipindi chake liko dakika ya ngapi.

Mafundi wa programu hizo hawakudumu. Zeebox, programu mwenza iliyoanza Uingereza mwaka 2011 ikishirikisha Anthony Rose aliyewahi kuongoza ujenzi wa BBC iPlayer, ilibadilishwa jina kuwa Beamly mwaka 2014, na mwaka mmoja baadaye ikanunuliwa na Coty, kampuni ya vipodozi na manukato. Watazamaji walihamia mitandao ya kijamii, au wakaanza kutazama kila mtu kwa saa yake, na mwenye tangazo akawa ndiye anayeamua lini simu iwake.

Huku kwetu simu iliingia kwenye kipindi kwa mlango wa kura. Tusker Project Fame, shindano la uimbaji la runinga, iliwakusanya watu wa Afrika Mashariki wakituma ujumbe mfupi kumwokoa mwimbaji wao. Ulikuwa mwanzo mzuri, na inaniuma kwamba wengi wetu tuliishia hapo: mtazamaji anahesabiwa, anakatwa salio, basi.

Ninyi mnaotengeneza programu za vituo vyetu, kabla ya kuongeza kitufe kimoja zaidi, ketini na familia mtazame kipindi chote, programu ikiwa mikononi mwao. Msiitazame programu, yatazameni macho yao. Kila yanaposhuka kwenye simu wakati hadithi ilikuwa inayahitaji juu, andikeni ni kitufe gani kilichoyashusha, na kesho yake mkiondoe.