Mawese huharibika kabla ya kukamuliwa

Mlaji wa mgebuka, samaki wa Kigoma, anayajua mawese mazuri: mekundu, yananukia tunda, hayakwaruzi koo. Mengi ya sokoni yanakwaruza. Lawama huiangukia mashine ya kukamulia, nami naona inaonewa.

Mkungu wa chikichi ukishaangushwa, kwa desturi hurundikwa siku kadhaa mpaka matunda yaachie yenyewe. Ni nafuu kwa mikono, hasara kwa mafuta. Nyama ya chikichi ina kimeng'enya ambacho hakidhuru kitu tunda likiwa zima. Likichubuka au likianza kuoza, huanza kuyavunja mafuta na kuzalisha asidi. Kiwango kinachokubalika kwa mawese ghafi ni asidi isiyozidi asilimia 5 hivi. Rundo lililosahaulika huweza kukivuka kabla pipa la kuchemshia halijainjikwa.

Dawa yake ni moto. Kuchemsha hulainisha nyama, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo kukichelewa hakurudishi kilichokwisha kuvunjika. Baadaye matunda hutwangwa kinuni au hukamuliwa, rojo hutiwa maji moto, mafuta yakaelea na kuenguliwa. Huchemshwa tena mpaka yaache kutatarika. Anayeepua mapema anauza maji ndani ya dumu, na maji hayo huendeleza uchachu.

Makapi ya nyuzi huwa kuni za pipa lijalo. Kokwa hupasuliwa, na mise iliyomo hutoa mafuta ya aina nyingine, yenye asidi ya lauriki, yanayoipa sabuni povu na ugumu. Mawese yaliyochacha nayo huishia kwenye sabuni. Hapo ndipo penye mtego: uzembe una mnunuzi, basi haukomi.

Siku hizi tegemeo ni mbegu ya tenera, inayosambazwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Ni chotara wa dura, mchikichi wa kienyeji wenye kokwa nene, na pisifera isiyo na gamba la kokwa. Siri ya urithi huo ilifumbuliwa Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Tenera ina nyama nyingi zaidi, lakini nyama ikirundikwa vilevile itachacha vilevile.

Mkulima, upasue mkungu vipande siku uliyoukata ili matunda yaachie upesi, uvifunike kivulini, uchemshe mara matunda yanapoachia. Panga na shoka unavyo tayari.