Ng'ombe Wanachimba, Mizimu Inavizia: Nimeiona Herderboy na Bado Sijatulia

Ng'ombe wanachimba madini. Isome tena taratibu sentensi hiyo, maana mimi nilipokutana nayo kwenye muhtasari wa filamu nilidhani mwandishi amechanganya mafaili. Ng'ombe. Wanachimba. Madini. Wachungaji wao ni nusu watu nusu mashine, kazi yao ni kuwalinda ng'ombe hao dhidi ya mizimu iliyogeuka madude yanayowawinda, na katikati ya patashika hiyo yupo kijana aitwaye Ndahura ambaye hataki kingine duniani ila kuwa mmoja wa walinzi. Mahali ni pembezoni mwa Ufalme wa Wachwezi. Jamani! Aliyeiandika alikaa Bukombe? Alilala Kakola? Mkamate mtu yeyote kati ya Kahama na Geita umuulize mambo matatu yanayomkosesha usingizi, atakujibu: mifugo, dhahabu, na kile kisichoonekana kwa macho.

Inaitwa Herderboy, mwongozaji ni Mganda Raymond Malinga wa studio ya Creatures ya Kampala, jamaa yule yule aliyewahi kutupa A Kalabanda Ate My Homework, ambamo pepo wa hadithi za Uganda anaingilia maisha ya mtoto wa shule. Hii ni moja ya katuni fupi 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotoka Disney+ tarehe 5 Julai 2023, ukisimamiwa na Triggerfish ya Cape Town, na mtayarishaji mkuu akiwa Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa Spider-Man: Into the Spider-Verse, ile iliyobeba Oscar. Huku kwetu haikupita mlango wa mbele. Imekuja kama kila kitu kizuri kinavyokuja Katoro: ndani ya flashi, imebanwa kati ya filamu za ngumi za Kihindi na msimu mzima wa tamthilia ya Kituruki.

Kibanda umiza saa nane mchana si mahali pa utulivu. Jua linapiga bati, feni inazunguka kwa kujilazimisha, na nusu ya watazamaji wametoka mialoni ya dhahabu na vumbi la karasha bado liko kwenye nyusi zao. Wanasubiri mechi, katuni ni ya kupitishia muda tu. Ng'ombe walipotokea kwenye skrini, kibanda kikanyamaza. Halafu kikalipuka. Mtu wa benchi la nyuma akataka kujua kama hao ng'ombe wana leseni ya uchimbaji mdogo. Mwingine akauliza bei ya jike. Mzee mmoja, fimbo bado mkononi, alikuwa ameinama mbele midomo ikicheza, analihesabu kundi zima, na hapo hapo nikajua Malinga ameshinda, kwa sababu Msukuma humdanganyi kwenye suala la ng'ombe.

Sasa ngoja niseme kinachonitia wazimu. Siyo mapigano, ingawa mapigano ni matamu. Siyo rangi, ingawa nimesimamisha picha mara nyingi mno nikizitazama. Ni ile hali ya chuma na mizimu kukaa kwenye fremu moja bila yeyote kuomba radhi. Mlinzi ana mwili wa mashine na adui yake ni mzimu, basi, kazi iendelee! Hakuna profesa mwenye koti jeupe anayejitokeza kutufafanulia kwamba hayo madude kwa hakika ni mawimbi fulani ya nishati. Hakuna kasisi anayekuja kulia kwamba mashine zimeua imani. Mzimu upo, mtambo upo, na wote wawili wanagombea madini yale yale.

Linganisha na wakubwa wa Marekani. Contact ya mwaka 1997 imemweka mwanasayansi upande huu na mtu wa dini upande ule, tukae tuwatazame wakijadiliana kwa heshima. Star Wars ilikuwa na Nguvu yake, kitu cha kuaminiwa kabla ya kuelezwa, na mwaka 1999 The Phantom Menace ilipotuambia kwamba Nguvu hiyo inahusiana na vijidudu vidogo ndani ya chembe za mwili, mashabiki waliwaka hasira ambayo haijapoa hadi leo. Dune ndiyo inayonigusa kidogo, na kwa uchimbaji wake tu: sayari yenye mali ardhini, mashine kubwa za wageni zinazoivuna, wenyeji wenye utabiri wa Mahdi, na ndani ya yote hayo siri mbaya kwamba utabiri wenyewe ulipandwa na watu wa nje kwa hesabu zao. Ni kali, sikatai. Lakini hata Dune inaishuku dini muda wote, inaikagua mfukoni kama askari wa getini. Malinga haishuku. Anaishi nayo.

Na huko ndiko kuishi kwenyewe tunakokujua sisi. Nenda kwenye duara jipya la wachimbaji, lolote. Asubuhi anapita mwenye detekta, visikizio masikioni, akiisikiliza ardhi. Kabla yake huenda alipita mganga, na jogoo mweupe aliyekuja naye hakurudi. Mchungaji wa kanisa ataitwa kuombea matimba yanayoshikilia shimo yasikatike, na kama mwenye duara ni Mwislamu, dua itasomwa. Wapo wanaowaita wote, ili mradi mwamba utoe. Mambo haya hayakuja na dhahabu, ni ya kale: Warongo waliyeyusha chuma katika nchi hii ya Geita vizazi na vizazi kabla ya mgodi mkubwa kuanza uzalishaji mwaka 2000, na tanuri lao lilikuwa na dawa na miiko kama lilivyokuwa na mifuo na makaa. Teknolojia ya juu kabisa ya zama zake, na ibada ndani yake! Mtu akiniambia sayansi ya kubuni ni kitu kigeni Kanda ya Ziwa, nitamwomba akae chini kwanza.

Halafu kumbuka Nyangalata, Kahama, mwaka 2015. Duara lilititia mwezi Oktoba, na katikati ya Novemba watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku 41, gizani, kwa mizizi na wadudu. Watu waliita muujiza, kisha wakaanza kuuliza maswali ya hewa na maji na uwazi uliobaki kati ya mawe. Yote mawili yalisemwa na watu wale wale, tena kwenye meza moja ya kahawa. Mwandishi wa filamu akikuletea mswada wa namna hiyo utamrudisha akapunguze chumvi.

Turudi kwa Wachwezi, maana hapa Malinga amecheza karata ambayo mtazamaji wa California hataiona. Katika mapokeo ya Bunyoro-Kitara, Wachwezi ni watawala waliotokea, wakatamalaki kwa muda, kisha wakatoweka, na baada ya kutoweka wakawa wa kuabudiwa. Ndahura ni jina la mfalme wao. Mizimu yao haikubaki Uganda. Ilishuka kusini hadi Unyamwezi na Usukuma, kwenye vyama vya Baswezi, na mzimu Lyangombe anatajwa huku kama anavyotajwa Rwanda. Kwa hiyo ukimwona kijana wa katuni anabeba jina Ndahura huku akitamani mwili wa chuma, unamtazama mtoto mwenye jina la mfalme aliyegeuka mzimu akiota kugeuka mashine! Nilisimama. Kweli nilisimama, na waliokuwa nyuma yangu wakanitukana vizuri tu.

Lawama yangu ya kwanza inatoka hapo hapo. Mizimu ya Herderboy ni ya kupigwa tu. Inavizia, inarukia, inakatwa. Mizimu ya Baswezi inampanda mtu, inamsumbua, inamtibu, inadai ngoma na pombe, inaingia ukoo na kukaa. Ina madai na ina fadhili. Ukiipunguza ikawa windo, umeiondolea nusu ya utamu, na ninaamini dakika chache zaidi zingetosha kuiponya filamu. Lawama ya pili ni ndogo lakini inauma: mkusanyiko una jina la Kiswahili, mazungumzo mengi ni ya Kiingereza. Nimemkumbuka Lufufu, mfalme wa kutafsiri filamu, ambaye angeichukua hii kwa mdomo wake na ng'ombe wangeanza kusema.

Lipo pia la kusema kwa sauti ya chini kidogo hata katikati ya shangwe hii. Huku kwetu mchanganyiko wa mizimu na madini si wa katuni peke yake. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2007 yalihusishwa na waganga walioahidi bahati kwa wachimbaji na wavuvi. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotunukiwa Venice mwaka 2013 kama filamu bora ya kwanza ya mwongozaji, ilimfuata kijana mwenye ualbino anayekimbia soko hilo la damu, na ni filamu ngumu kuitazama ukiwa umekaa Shinyanga. Siitaji ili kuharibu sherehe. Naitaja kwa sababu mwongozaji atakayechukua kamera kuja kutengeneza sayansi ya kubuni ya Geita lazima ajue kwamba mganga wake wa kwenye skrini atatazamwa na watu waliozika.

Mwenye kiu ya zaidi, njoo huku. Ndani ya Kizazi Moto hiyo hiyo ipo Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii, yenye binti wa kimungu aliyepewa jina la Mungu wa Wamaasai. Itazame usiku, bila kelele. Nje ya mkusanyiko huo ipo Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge, na mwanamke mmoja anatoka na mche wake kama anayekwenda hija. Na ipo, oh, ipo Neptune Frost! Saul Williams na Anisia Uzeyman waliifikisha Cannes mwaka 2021, wakiwa wameipiga Rwanda. Inaanza kwenye mgodi wa koltani, mchimbaji anauawa kwa sababu ya kusimama tu akiwa ameshika jiwe mkononi, na ndugu yake anaondoka na safari inayomfikisha kijiji cha wadukuzi kiitwacho Digitaria, kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Watu wa huko wanasalimiana kwa kutaja mgodi wa dhahabu! Salamu! Ndoto zinawaita watu kwa majina, ngoma inafanya kazi ya mtandao, na Kiswahili kinasikika humo pamoja na Kinyarwanda na Kirundi. Ni filamu ya kichwa kugonga ukuta, hadithi yake inapotea njia kila dakika ya 20, na sijali hata kidogo.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyochukua hazina tuliyoikalia. Usukuma una Shing'weng'we! Dude lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akazaliwa Masala Kulangwa, akakua, akalitafuta dude, akalipasua tumbo, wakatoka wote wakiwa hai. Mapadre walipoisikia hadithi hiyo walimwona Kristo ndani yake, na pale Bujora, Padre David Clement alikojenga kanisa kwa alama za utemi na makumbusho ya Wasukuma, Masala Kulangwa ana heshima yake. Sasa mpe Malinga hadithi hiyo. Mpe Shing'weng'we mwenye mataya ya ekskaveta. Mpe na Ng'wanamalundi, yule aliyesemwa anakausha miti kwa kuinyooshea kidole, Wajerumani wakamfunga, na aliyefariki mwaka 1936 akiwa mtu halisi mwenye kaburi halisi. Marekani wangekuwa wameshatoa sehemu ya saba.

Na atakayeitengeneza asije akamsahau bibi kizee. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua tumbo la dude, kisu kilimkata bibi mmoja sikio. Bibi akatoka hai pamoja na wengine, lakini hakushukuru: alikasirika, akaapa kulipiza kisasi kwa dawa zake. Mkombozi ameshinda, umati unashangilia, na tayari ana kesi na mchawi! Mpeni huyo bibi mwili wa mashine, mpeni sikio jipya la chuma linalosikia hadi chini ya mwamba, mpeni saa nzima ya filamu. Kiingilio nalipa mimi, cha benchi zima.