Kigae Chenye Jina na Kigae Kisicho Nalo

Mtungi uliofinyangwa na Ergotimos na kuchorwa na Kleitias huko Athens, yapata mwaka 570 K.K., nao leo umo Florence, una watu na wanyama wapatao 270, na wengi wao majina yao yameandikwa ubavuni. Hephaestus, mhunzi kiguru, anarejea kwa miungu wenziwe juu ya nyumbu, na hapana haja ya kuuliza ni nani. Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho aliupiga kwa kigoda ukavunjika vipande 638. Ukaungwa, na visasili vyake vikarudi, kwa kuwa vilikaa juu ya udongo wenyewe.

Vigae vya Buhaya, nchi ya Bukoba na Muleba, havikupata bahati hiyo. Vyungu vya Urewe, vilivyoanza kufinyangwa kabla ya Kristo, vina mistari iliyokwaruzwa na vitako vyenye kibonyo. Hamna mtu, hamna mungu. Anayetaka kuiona mistari ile kuwa ni mawimbi ya Mugasha, bwana wa ziwa, atakuwa na usomaji mtamu usio na ushahidi. Hata beti za shairi hazisomwi hivyo.

Kisasili kilikaa kwingine. Huko Katuruka wazee walisimulia habari za Rugomora Mahe, mfalme wa karne ya 17, aliyewaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, ukaanguka. Wakaonyesha na mahali: penye mti wa Kaiija. Peter Schmidt alipochimba hapo, karibu na mwaka 1970, alikuta mabaki ya uhunzi na vigae vya Urewe, vya kale kumpita mfalme huyo kwa zaidi ya miaka elfu. Yaelekea ukoo wa kifalme ulijitwalia sifa za wahunzi waliotangulia. Simulizi lilimbadili mwenye kazi, mahali halikupabadili.

Hapa ndipo tofauti inapouma. Kagera ndiko UKIMWI ulikogunduliwa kwanza nchini Tanzania, mwaka 1983, na miongoni mwa waliozikwa baadaye ni wale waliokuwa warithi wa masimulizi. Mtungi wa Florence ulihitaji gundi tu. Kigae cha Urewe kinahitaji kinywa, na kikiwekwa kabatini pamoja na tarehe na jina la mchimbaji pekee, kimenyimwa nusu yake. Maneno ya wazee wa Katuruka na yaandikwe kando yake, kwa Kihaya kwanza, kisha kwa Kiswahili.