Riwaya ya Mwimbaji: Namna ya Kuipima Ukiirudia

Ukisoma riwaya mara ya kwanza, kisa ndicho kinachokukokota. Ukiirudia, mwisho umeshaujua, na hapo ufundi wa mwandishi hujitokeza au hukosekana. Riwaya zenye wanamuziki wa kubuni zina mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa karatasi haitoi sauti.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Zainabu Makame, mama yake mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, ni mwimbaji wa taarabu wa Tanga, naye yumo kitabuni tu. Irudie ukiwa juu ya dungu ukiamia ndege katika mpunga wa Rufiji, au pale Nyamisati ukingoja maji yajae boti iondoke kwenda Mafia. Kisha pima haya.

Kwanza, uondoe muziki. Zainabu angekuwa mshonaji, je, kisa kingebaki kilekile? Mtoto wa mwimbaji hurithi jina linalotajwa na watu wasiomjua. Sifa za mama humtangulia, na uzushi pia. Hapo muziki una kazi.

Pili, tafuta ala. Vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vilipiga taarabu ya magitaa na besi. Ya Unguja ilisikika kwa fidla, udi na ganuni. Mwandishi anayeishia kusema "sauti tamu" hajatuonyesha mji wala mpigaji.

Tatu, watazame wasikilizaji. Kipimo hiki nakithamini kuliko vyote. Katika taarabu watu huinuka kutuza, na noti hutolewa pale mstari unapomgusa mtoaji au unapompata hasimu wake aliyeketi humohumo ukumbini. Ukumbi ulioandikwa vizuri una mapenzi na ugomvi wake, na wimbo ukiisha kuna mtu ambaye hawezi tena kukaa kama alivyokuwa amekaa.

Nne, soma kwa sauti. Mnunuzi wa mpunga huuma punje kabla ya kulikubali gunia. Nawe chagua ukurasa mmoja, uwasomee unaosafiri nao. Sentensi zikiwa na mapigo, wataacha mazungumzo yao.

Tano, sikiliza kinachobaki mwimbaji akishaondoka. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zikamhifadhi. Zainabu hana santuri. Ana mwana anayeondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Hapa Walibora ameshinda: kipaji cha mama cha kushika watu kwa maneno kimehamia katika Kiswahili cha mwana.

Riwaya ikipungukiwa na ala lakini ikafaulu vipimo vingine, itunze na uwape wengine waisome. Ikifaulu kwa ala peke yake, ni orodha ya vyombo, na kuirudia hakutakuongezea kitu.