Maoni juu ya "Elisi": Ni Nani Acheke?

Kitabu cha Lewis Carroll kiitwacho Alice's Adventures in Wonderland kilitolewa London mwaka 1865, kikiwa na michoro 42 ya John Tenniel, na tangu siku hizo kimesomwa na watoto kwa wakubwa. Kwa Kiswahili kimefasiriwa zaidi ya mara moja. Tafsiri ya E. V. St Lo Malet, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ilipigwa chapa na Sheldon Press ya London mwaka 1940; ile ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitolewa na Evertype mwaka 2015. Pamoja na hayo, maoni juu yake miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili ni yale yale: kwamba ni kitabu cha watoto, kwamba mambo yake ni ya Kizungu, na kwamba hakichekeshi. Maoni mawili ya kwanza yamezoeleka, tena yanasemwa juu ya vitabu vingi. La tatu ndilo linalostahili kuchunguzwa, maana hadithi hii ikikosa kicheko haina kitu kingine kikubwa cha kumpa mtu mzima.

Mara nyingi mjadala huanzia kwenye picha. Katika toleo la 1940 michoro ya Tenniel ilichorwa upya, na Elisi akafanywa mtoto wa Kiafrika. Katika toleo la 2015 michoro ya Tenniel imerudi kama ilivyokuwa, na binti wa Kiingereza pamoja nayo. Mhakiki mwenye haraka angeweza kusema kwamba toleo la wakati wa ukoloni lilimheshimu msomaji wake kuliko lile la baada ya uhuru. Hukumu hiyo haitoshi. Mchoraji wa 1940 alibadili rangi na vazi la mtoto, lakini waliomzunguka, jinsi walivyosimama, na mpangilio mzima wa picha ni wa Tenniel. Mtoto amehamishwa, nyumba imebaki pale pale. Picha ya namna hii humwahidi msomaji kuwa maneno nayo yamehamia kwake, na ahadi hiyo inapovunjika ndipo asemapo kuwa kitabu ni cha kigeni. Tenniel mwenyewe, akiachwa kama alivyo, angalau hamdanganyi mtu.

Chukua Sungura. Kwa Carroll, Sungura Mweupe ni mtumishi mwenye wasiwasi, anayetazama saa na kuogopa kuchelewa kwa wakubwa wake. Kwa mtu aliyelelewa kwa ngano, sungura ni mjanja. Hamwogopi simba wala fisi, sembuse saa. Msomaji wa namna hiyo anapomwona sungura akitetemeka hungoja hila itokee, kwa kuwa ndiyo desturi ya mnyama huyu. Hila haitokei. Msomaji hakukosea hata kidogo. Ameleta kitabuni elimu yake ya fasihi, na kitabu hakikuwa na mahali pa kuipokea.

Jambo kubwa zaidi limo katika mashairi. Elisi hujaribu kughani mashairi aliyofundishwa, na kila mara yanamtoka yamepotoka. Moja linadhihaki shairi la Isaac Watts la mwaka 1715 juu ya bidii ya nyuki; jingine linadhihaki shairi la Robert Southey la 1799 juu ya mzee mwema. Yalikuwa mashairi ya mafunzo, yaliyokaririshwa watoto wa Kiingereza hata yakawachosha. Mtoto wa 1865 alicheka kwa kuwa aliyajua kwa moyo. Mzazi wake alicheka zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyakaririsha. Hapo ndipo kitabu kimoja kilipopata wasomaji wa rika mbili.

Inaweza kujibiwa kwamba Waingereza wa leo nao hawayajui tena mashairi ya asili, na bado wanacheka. Ni kweli, na hoja hii isipuuzwe. Lakini sauti ya mwalimu anayetoa nasaha kwa vina bado wanaitambua, hata kama maneno yake yamesahaulika. Kwa hiyo mfasiri hahitaji kupata shairi lililo sawa na la Watts. Anahitaji kupata sauti ambayo wasomaji wake wote walikaririshwa. Je, ipo?

Mtu aende Kisauni akaulize. Huko ndiko Church Missionary Society ilikoanzisha Frere Town mwaka 1875, makazi ya watumwa waliokombolewa, na jina la Kengeleni lingali likikumbusha kengele yao. Watoto wa Frere Town walilelewa kwa nyimbo za kanisa, na Watts huyu huyu ni mtungaji mashuhuri wa nyimbo hizo. Katika Kisauni hiyo hiyo watoto wengine wamelelewa madrasa, kwa kasida na maulidi. Hivyo hifadhi ya kichwani ipo, tena tajiri, lakini ni mbili, na zote mbili ni za ibada. Mfasiri akidhihaki wimbo wa kanisa, nusu ya mtaa hawatajua nini kinachodhihakiwa na nusu ya pili watachukia. Akigusa kasida, hali itakuwa hiyo hiyo kwa upande wa pili. Na Sheldon Press, iliyokuwa ya jumuiya ya kueneza elimu ya Kikristo, haikuwa mahali pa mchezo huo.

Njia iliyobaki ni utenzi wa wasia. Mizani minane, vina vitatu vya kati na cha bahari, mzee akimuusia mwana: sauti hii inajulikana pwani nzima tangu Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi wake mwaka 1858, na shule zimeifikisha hata kwa wasiotoka pwani. Wapo watakaosema kuwa kuichezea sauti hiyo ni kuwavunjia heshima waliotangulia. Hofu hii ina uzito, lakini imezidishwa. Carroll hakumwondolea Watts heshima yake kanisani; alimcheka mwalimu aliyefanya ushairi kuwa fimbo. Na utenzi wa kubuni, usiogusa hata ubeti mmoja wa Mwana Kupona, unaweza kuazima mwendo wake bila kumtaja.

Unabaki mchezo wa maneno, na hapa Kiswahili si maskini; Muyaka bin Haji wa Mombasa alijua kulizungusha neno. Shida ni sikio. Mfasiri wa Kiswahili sanifu atavutwa mara moja na paa wa mwituni na paa la nyumba, au kaa wa pwani na kaa la moto. Kwenye karatasi ni maneno mamoja. Kwa msemaji wa Kimvita si mamoja, kwa sababu paa mnyama na kaa wa pwani hutamkwa kwa mpumuo, na wale wawili wengine hawana. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na tahajia iliyofuata haikuuandika mpumuo huo. Ajabu yake ni kwamba utani wa namna hii ungemfurahisha zaidi mfanyakazi wa Changamwe aliyetoka bara na kujifunza Kiswahili shuleni na kazini, kuliko mzee wa Kisauni ambaye lugha ni yake. Na Likoni, ambako Kidigo na Kiswahili vimeishi pamoja, sikio ni jingine tena. Anayesema kwamba kitabu hakichekeshi apaswa kwanza kuulizwa alikulia ng'ambo ipi.

Hata hivyo ipo michezo inayofaa kila sikio. Katika habari ya Panya, Carroll amechezea neno la Kiingereza la hadithi na neno la mkia, ambayo hutamkwa sawasawa, na shairi lenyewe likapangwa chapani kwa umbo la mkia unaopindapinda. Wanaosema kuwa mchezo huu haufasiriki wametazama neno hadithi tu, au kisa, na kweli hayo hayakaribiani na mkia. Lakini lipo neno mkasa. Mkasa na mkia yamo katika ngeli moja, hivyo Panya akisema kuwa wake ni mrefu na wenye huzuni, hakuna kiambishi kitakachomsahihisha Elisi, ambaye kwa usingizi amesikia mkia, na macho yake yanautazama ukipinda hadi chini ya ukurasa.